Mdomo wa Kinu Chini ya Jeep

Miguu ya mama mkwe wangu niliijua vizuri. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimepinda kwenda nje, kisigino cha kulia kilikuwa na ufa, na akisimama alipenda kuweka mguu mmoja juu ya mwingine. Uso wake sikuujua. Urefu wake pia sikuujua, na hilo ndilo lililotuletea taabu.

Wakati ule alikuwa hajawa mama mkwe kamili. Nilikuwa nimepeleka mbuzi wa kwanza na jembe, wakapokea. Kwetu mbuzi wa kwanza akishapokelewa, heshima inaanza. Mwanaume hamtazami mama wa mchumba wake usoni, hamgusi, hali mbele yake, wala hamwambii neno moja kwa moja. Neno linapitia kwa mtu mwingine. Kama mtu hayupo, unauambia mti au kuku, naye anasikia akiwa amekupa mgongo. Wenzangu wanailalamikia desturi hii. Mimi sikuilalamikia. Tangu utoto kusema na mtu uso kwa uso kunanichosha, na Wamaza, nyumbani kwa mama yule, ndipo mahali pekee ambapo wazee walinisifu kwa sababu ya kunyamaza.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa miaka miwili alikuwa anapika kwa kupapasa. Kisha habari ikafika kwamba dokta wa macho anakuja Kasongo kwa juma moja, Jumatatu mpaka Jumamosi, baada ya hapo anaondoka, na hakuna aliyejua kama atarudi. Mchumba wangu akanitumia ujumbe kwa mwendesha pikipiki: mama aletwe, lakini asiletwe kwa pikipiki. Mama alikuwa amepanda pikipiki mara moja maishani. Alishukia mtoni, pikipiki ikaendelea mbele kidogo bila yeye. Nyonga yake haikupona sawasawa. Kwa miguu hakuweza.

Basi ilibaki gari, na gari halikuwa linafika Wamaza. Watu wanakwenda kule kwa pikipiki au kwa miguu. Njia ipo, ila malori ya zamani yalichimba mifereji miwili ya magurudumu, na katikati ukabaki mgongo wa udongo mgumu. Gari la kawaida linakalia mgongo ule kwa tumbo, magurudumu yakizunguka hewani.

Mimi ninafanya kazi katika garaje moja ya Kasongo, paa la mabati lisilo na kuta. Nilimaliza shule ya msingi, yaliyobaki nikajifunza kwa mikono. Fundi wetu mkubwa alikuwa amekwenda Salamabila kutengeneza mashine za watu wa dhahabu, kwa hiyo juma lile fundi nilikuwa mimi. Na juma lile lile mfanyabiashara mmoja, ambaye sote tunamwita patroni, akaleta jeep yake. Alitaka kuwa mtu wa kwanza kufikisha chumvi na sabuni Wamaza kwa gari, na kurudi na karanga. Alikuwa amekwisha kununua mipira mirefu ya magurudumu. Tatizo lilikuwa nyuma: resori, zile springi za mviringo, zilikuwa zimechoka, na gari likipakiwa lilichuchumaa kama mtu anayetafuta sindano.

"Inua nyuma," akaniambia. "Sitaki hadisi."

Nilikuwa na hadithi moja tu. Nikauambia mpira wa akiba kwanza, kujizoeza. Kisha nikamwambia yeye, nikitazama viatu vyake, kwamba sitaki malipo ya kazi, ninataka kiti kimoja wakati wa kurudi, cha mama wa mchumba wangu.

"Mwaka mzima sijasikia sauti yako," patroni akasema. "Kumbe iko ndani. Sawa. Gari ikifika, mama atapanda. Isipofika, utakwenda kumubeba weye mwenyewe."

"Siwezi kumgusa," nikasema.

"Basi inua gari."

Nikamwomba mwendesha pikipiki mmoja aende mpaka mahali mgongo ulipo juu zaidi, asimamishe fimbo kwenye mfereji, aikate sawa na mgongo, aniletee. Akaleta fimbo. Nikaipitisha chini ya jeep iliyopakiwa mifuko ya mchanga badala ya chumvi. Ekseli ilipita, kwa sababu ya ile mipira mirefu. Ekseli haipandishwi na kitu kingine ila mpira. Lakini tangi la mafuta halikupita, bomba la moshi halikupita, na ngazi za pembeni, zile za kukanyaga mtu anapopanda, zilikuwa chini kuliko vyote. Vidole vitatu vilikosekana. Nikaamua vinne.

Kinachowekwa hapo tunakiita kale. Ni kipande kinene cha mviringo chenye tundu katikati, kinakaa juu ya resori, kati yake na mwili wa gari, nao mwili unapanda. Za dukani hazikuwepo. Nikakata za mpira wa lori, tabaka juu ya tabaka, nikazifunga kwa ukanda wa chubu, ule mpira wa ndani wa gurudumu. Kazi yenyewe si ngumu, ni ya subira. Unazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, unainua nyuma kwa kriki, unasimamisha mwili juu ya magogo, kwa sababu kriki ni kitu cha kuinulia, si kitu cha kulalia chini yake. Unatoa magurudumu, unafungua kwa chini amortisa, zile za kupunguza mtikiso, unashusha ekseli polepole huku ukiangalia bomba la breki lisivutike. Resori inalegea, unaitoa kwa mikono kama unavyotoa yai chini ya kuku. Kisha kale juu, resori ndani, ncha yake katika nafasi yake, unarudisha vyote.

Ngazi za pembeni nilizifungua kabisa. Nikaziegemeza kwenye nguzo ya garaje, nikaridhika nazo. Fimbo ilipita kila mahali.

Nilipoishusha jeep chini bila mzigo, matako yalikuwa juu na pua chini. Wauza nyanya wa upande wa pili wa barabara wakaja kuangalia.

"Hii jeep iko inasujudu," mmoja akasema.

"Inaomba nini?"

"Inaomba fundi mwingine."

Nikaeleza kwamba ikipakiwa itakaa sawa. Nilieleza kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Tuliondoka Kasongo Jumanne asubuhi, patroni kwenye usukani na mimi pembeni na fimbo yangu. Ikipakiwa ilikaa sawa kweli. Kwenye mgongo wa kwanza patroni alifumba macho, jambo ambalo kwa dereva silishauri, na tulipopita bila kusikia mkwaruzo akaniita fundi. Mpaka hapo nilikuwa kijana. Tukalala njiani, na Jumatano saa nne tukaingia Wamaza. Watoto walikimbia mbele yetu wakipiga kelele, mzee mmoja akavua kofia, sijui kwa ajili ya nani.

Patroni alishuka, akazunguka gari mara moja, akaniita kijana.

Jeep ilikuwa imeinama upande wa kushoto. Nikaingia chini. Bulo, ile boliti inayoshika amortisa ya kushoto, ilikuwa imekatika, bila shaka kwenye lile shimo la mwisho ambapo gurudumu lilining'inia. Ekseli ilishuka kupita kiasi, resori ikalegea, ukanda wa chubu ukakatika, na kale ikatoka. Ilibaki mahali fulani kwenye tope. Bulo ya akiba nilikuwa nayo. Kale ya akiba sikuwa nayo.

"Sikiliza," patroni akasema. "Karanga zangu ziko tayari. Bila kile kitu, nikipakia karanga na watu, tutakaa juu ya mgongo mpaka krismasi. Nikipaswa kuchagua mutu ao karanga, unajua nitachagua nini. Karanga hazilalamiki."

"Dokta anaondoka Jumamosi," nikasema.

"Karanga haziendi kwa dokta."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaeleza tu.

Nyumba ya mama ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Mchumba wangu akamtoa nje akimshika mkono, na nguo zake zikiwa zimefungwa katika kitenge. Mimi niligeuka haraka, nikakabili gurudumu la nyuma. Nikaiona miguu ikija, kidole kilichopinda, kisigino chenye ufa. Ikafika kwenye mlango wa jeep, ikasimama.

"Mama, inua mguu," mchumba wangu akasema.

Mguu wa kulia ukainuka. Ukatafuta hewani, ukarudi chini. Ukainuka wa kushoto, nao ukarudi.

"Iko wapi?" mama akauliza.

"Juu kidogo."

"Juu kidogo ni wapi? Mimi ninapanda gari ao ninapanda nyumba?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilitazama kivuli chake, maana kivuli hakijakatazwa. Sakafu ya jeep ilimfika karibu na kiuno. Mama alikuwa mfupi sana. Nilikuwa nimekwenda kwao mara tatu, na mara zote tatu nilitazama chini kwa adabu, nikajua vidole vyake kumi na sikujua kwamba ni mfupi. Nilipima njia yote kwa fimbo. Yeye sikumpima. Na ngazi za pembeni zilikuwa Kasongo, zimeegemea nguzo.

Mchumba wangu akaniangalia. Naye pia ni mfupi, ila nilidhani ni mambo ya ujana.

"Ngazi iko wapi?" akaniuliza.

"Kasongo," nikauambia mpira.

Patroni akajitolea kumnyanyua mama. Yeye si mkwe, hakuna desturi iliyomkataza.

"Mama, niruhusu, nakubeba mara moja."

"Mimi si mufuko wa muhogo," mama akasema. "Nilizaa watoto saba na kila mmoja nilitembea mwenyewe kwenda kumuzaa. Mwanaume hatanitupa ndani ya gari mbele ya kijiji."

Wakaleta kiti. Kilikuwa kiti cha kukunja, nacho kikajikunja. Mama hakuanguka kwa sababu binti yake alimshika, lakini baada ya hapo alirudi kukaa kwenye mkeka wake na kusema kwamba macho yake yalimtumikia miaka mingi, yaache yapumzike. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Mchumba wangu akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu.

Nikaona ni afadhali nianze na lile ninaloliweza. Nikamwomba seremala wa kijiji msumeno, nikaanza kuzunguka uwanjani nikitafuta mti mgumu. Mti laini juu ya resori unapasuka siku ya kwanza. Mti mgumu unaujua kwa mlio, kwa hiyo nilichukua nyundo nikawa ninagonga kila kitu: nguzo za jikoni, kigogo cha kukalia, mpini wa shoka. Vyote vilisema hapana. Kando ya mlango wa jiko kulikuwa na kinu kidogo cha kutwangia karanga na pilipili, cheusi kwa uzee, upana wake kama sahani ndogo. Nikakigonga bila kufikiri. Kililia vizuri, kwa sauti kavu. Nikaona mdomo wake: duara, tundu katikati, unene wa kutosha. Ilikuwa kale kamili, tena nzuri kuliko zangu. Nikakirudisha mahali pake polepole, kama mtu aliyeshika kitu cha kanisani.

"Nani anapiga kinu yangu," mama akasema kutoka kwenye mkeka, "na mimi sisikii harufu ya pilipili?"

Patroni alikuwa anahesabu magunia, mchumba wangu alikuwa ndani. Nilikuwa mimi, mama, na kuku mmoja. Nikamgeukia kuku.

"Kuku," nikasema, "chini ya gari kumekosekana kitu cha duara. Mpira ulianguka njiani. Ninatafuta mti mgumu. Kinu sikukigusa kwa ubaya."

Kuku akaondoka, lakini maneno yalikuwa yamefika.

Mama akauliza, akiwa ametazama upande mwingine: "Kile kitu cha duara, urefu gani?"

"Vidole vinne," nikauambia ukuta.

"Na bila hicho?"

"Patroni atapakia karanga peke yake."

Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Karanga zitwangiwe wapi, kama kinu iko chini ya gari?" Halafu hakucheka tena. "Kile kinu kilichongwa na baba yao. Alikuwa na haraka, akakifanya kidogo. Miaka yote nilimusema juu ya udogo wake." Akanyoosha miguu yake kwenye mkeka. "Mutu akate juu. Chini aniachie."

Nilipima vidole vinne kutoka mdomoni, nikakata. Msumeno ulichukua saa nzima, maana mti ule haukuwa na haraka kama aliyeuchonga. Nikapunguza kingo kwa panga, nikachonga mfereji kwa ajili ya ncha ya resori, nikazungushia waya usipasuke, nikapaka mawese. Nikaifunga jeep upya, kushoto mdomo wa kinu, kulia mpira wa lori. Safari hii niliifunga kale kwa waya mpaka juu. Mtu hujifunza.

Ikabaki mama mwenyewe. Sehemu ya chini ya kinu ilikuwa imelala kando ya gurudumu, imekuwa fupi, pana kwa chini. Mchumba wangu akaichukua, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akaiweka mbele ya mlango wa jeep. Urefu wake ulikuwa sawa kabisa na ngazi iliyobaki Kasongo. Kila mtu aliujua mwiko. Kinu hakikaliwi na hakikanyagwi. Mwanamke anayekanyaga kinu anakanyaga chakula cha nyumba yake.

"Mama," mchumba wangu akaanza, "kuna kitu hapa..."

"Nimesikia ulivyokiweka." Miguu ikasogea. Kidole kilichopinda kikagusa kinu, kikakizunguka, kikapapasa mahali pa msumeno. "Kinu ni mdomo," mama akasema, kwa sauti ya kutosha watu wa uwanjani wote wasikie. "Hiki hakina mdomo. Mdomo wake umekwenda chini ya gari. Kwa hiyo hiki ni kigogo. Kuna mutu anayekataa?"

Mzee aliyevua kofia alifikiri. Akasema haoni kosa.

"Nani anakishika kisiyumbe?"

Mchumba wangu alikuwa amemshika mama mikono miwili. Patroni alikuwa kwenye usukani, amegeuza shingo upande wa pili kama alivyoagizwa. Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa mpaka karibu na udongo, nikakishika kigogo kwa mikono yote miwili. Mguu wa kushoto ukapanda. Mguu wa kulia, ule wenye ufa, ukafuata, ukatua juu ya kidole changu cha shahada, ukakaa hapo wakati mama anajipanga. Alikuwa mzito kwa mtu mfupi. Kama kukanyagwa ni kugusana, wazee hawajaamua mpaka leo, na mimi sijawauliza.

Kisha miguu ikaondoka, nikasikia kiti kikilia. Mama akasema ndani ya gari: "Kigogo changu kije."

Kikaja. Alikipakata njia yote, kwa siku mbili, binti yake akiwa karibu naye juu ya magunia. Kwenye mgongo ule mrefu patroni hakufumba macho tena, tulikwaruza mara moja tu, kidogo, upande wa kulia. Mpira wa lori hulegea chini ya mzigo, mti haulegei. Mpaka leo jeep ile ikiwa tupu inasujudu kama zamani, ikipakiwa inaegemea kulia kama mtu anayesikiliza siri. Wauza nyanya wanaijua kwa mbali.

Tuliingia Kasongo Ijumaa mchana. Dokta alikuwa amekwisha kuanza kufunga masanduku yake. Alimpasua mama jicho moja, la kulia, Jumamosi asubuhi, la pili akasema litangoja safari nyingine, kama itakuwepo. Bandeji ilipotolewa mimi nilikuwa nje, nyuma ya ukuta wa hospitali. Nilisikia mama akimwambia binti yake kwamba amenenepa. Mchumba wangu alilia, sijui kwa lipi.

Baada ya juma moja patroni alikuwa anarudi Wamaza na mzigo mwingine, mama akirudi nyumbani. Nilikuwa nimerudisha ngazi za pembeni, nimezikunja kidogo juu ili zipite fimbo. Nilizipaka hata rangi. Mama alifika garaje akitembea mwenyewe, bila kushikwa mkono. Nikakabili gurudumu. Miguu ikasimama mbele ya ngazi, ikafikiri, ikageuka.

Mama alikuwa ameinama anaangalia chini ya gari, upande wa kushoto. Aliangalia kwa muda.

"Kiko pale," akasema. "Kimekuwa kichafu." Kisha akamwambia binti yake: "Ngazi za watu sizijui. Lete kigogo changu. Na yule anayekishika aje akishike."

Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa, nikashika. Vidole niliviweka mbali kidogo safari hii. Mguu wa kushoto ukapanda, wa kulia ukafuata, halafu ukatulia. Hakupanda zaidi. Alisimama pale juu na jicho lake moja jipya, na mimi chini yake, na nilijua anatazama utosi wangu, maana hapakuwa na kitu kingine cha kutazama.

"Mwambie ana kovu kichwani," akamwambia binti yake. "Mwambie anyoe vizuri siku ya harusi. Mwambie mbali na mahari mimi ninamudai kinu, kikubwa kuliko kile, mti wa namna ile ile, na asikichonge kwa haraka kama mwenzake." Akavuta pumzi. "Yeye anajua miguu yangu. Mimi sasa ninajua kichwa chake. Mpaka siku ile, inatosha."

"Umesikia?" mchumba wangu akaniuliza.

Nikauambia mpira kwamba nimesikia.